Wivu Wangu na Vidonge vya Mama Yako

Zuhura mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, maana najua ukiona mwandiko wangu utaiamkia hata karatasi. Marahaba, mama. Kaa kwanza, hii ni ndefu.

Naandika nikiwa kibandani, juu ya benchi la kazi, nimesukuma spana na minyororo pembeni. Wewe uko Kisanga kumuaga bibi yako, na kwa ninavyomjua bibi yako hakuachii mpaka ule ushibe, halafu akufungie na mahindi ya njiani. Mama yako amejinyoosha ndani. Kwa hiyo nina alasiri nzima na kalamu moja. Hilo doa jeusi hapo juu ni grisi, usije ukadhani ni machozi. Machozi yangu hayana rangi hiyo, nadhani.

Habari za kufunga mlango, za kutopokea soda ya dereva wa lori, za kupiga simu ukifika, mama yako amezisema wiki nzima, mimi siziongezi. Tena huendi mbali. Gari linatoka hapa Kilosa, linapita kile kijiji cha Ulaya, na kabla vumbi halijakutulia kichwani umefika Mikumi. Wenzangu wanajisifu watoto wao wamekwenda Ulaya kwa ndege. Mimi nitasema wangu alipita Ulaya saa mbili asubuhi, akaiacha, akaenda kutandika vitanda vya watalii waliotoka huko huko.

Nataka kukuandikia habari ya wivu. Wivu wangu mimi.

Najua utacheka. Watu wa mtaa huu wakipasukiwa na tairi wanakuja kwangu kwa ajili ya maneno kwanza, kiraka baadaye. Hakuna anayemdhania fundi baiskeli mcheshi kuwa ana wivu. Lakini tangu ugonjwa wa mama yako uingie nyumbani, mimi nimeishi na wivu kama mtu anavyoishi na jino bovu: anakula upande mmoja na anaendelea kutabasamu. Sikuwahi kuogopa mwanaume wa kumchukua mama yako. Nilimwonea wivu kila mtu, na kila kitu, kilichompunguzia maumivu kabla yangu.

Unakumbuka ulivyoanza. Ulikuwa shule ya msingi bado. Mama yako akawa anaamka vidole havikunji, mikono yote miwili, vifundo vimevimba na vina moto. Jua likipanda juu ya paa la jirani ndipo vinalegea kidogo. Mmoja akasema ni baridi, asioge asubuhi. Mwingine akasema ni gauti, aache nyama, kana kwamba nyumba hii ilikuwa na nyama ya kuacha. Mimi nikasema nitamkanda.

Sasa mikono yangu unaijua. Imesomea jambo moja, kukaza. Nilimkanda mama yako kama ninavyovua tairi kwenye rimu.

"Baba Zuhura," akasema, machozi yanamtoka na huku anacheka, "mimi si rimu."

Nikapunguza nguvu, nikadhani nimepunguza. Akavuta mkono wake taratibu, akauweka chini ya kanga, akakuita wewe, akakutuma duka la dawa.

Mle dukani kulikuwa na kijana mmoja wa koti jeupe, mwenye meno yaliyopangika. Alikupa diklofenaki, akakwambia mama anywe akishakula. Jioni ile ile mama yako akakata mchicha. Akakata mchicha huku anaguna wimbo, halafu akasema, bila ubaya wowote, "Yule kijana ana baraka."

Maneno manne tu. Mimi nilikuwa nimekaa naye miaka yote ile, nimemjengea nyumba, nimempigia magoti mama yake, na sikuwahi kuambiwa nina baraka. Kesho yake nikaoga katikati ya siku, nikavaa kanzu ya Ijumaa wakati Ijumaa iko mbali, nikaenda kumwangalia. Ili nisiende bure nikanunua plasta. Sikuwa na kidonda.

"Shikamoo mzee," akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye unayemtibu Mama Zuhura?"

"Mimi nauza tu, mzee wangu. Nilimwambia binti yake mama aende hospitali akapimwe. Vile vidonge vinashusha uvimbe na maumivu, lakini haviondoi ugonjwa."

Mtu mwenye akili angesikia neno hospitali. Mimi nilisikia "haviondoi ugonjwa", na mwanangu, nilifurahi. Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyepokea mshahara, kwa sababu dawa inayomsaidia mke wangu haitamponya, na haitamponya kwa kuwa si yangu. Ukitaka kujua wivu unafananaje, usimtazame aliyekunja uso. Mtazame yule anayefurahi pasipo na cha kufurahia.

Nikaenda duka jingine, kule karibu na stesheni, nikaomba kitu chenye nguvu kuliko vile vya yule. Nikapewa ibuprofeni. Muuzaji akaniuliza, "Mgonjwa anatumia dawa nyingine yoyote?" Nikasema hapana. Mimi, ambaye mtu akiniletea baiskeli swali langu la kwanza ni nani alishaigusa, nilisema hapana.

Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani, na yaliyotokea mwezi ule watu wameyageuza utani wa arusini, wananitania nayo mpaka leo. Kwa hiyo sikufunulii siri. Nataka tu ujue yalivyokuwa kwa upande wangu.

Mama yako aliambiwa na kila mtu, hata na imamu, kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa baadaye. Akasema vinavyoumwa ni vidole, tumbo lake ni zima. Tatizo lilikuwa daku. Kuamka kwake kulikuwa safari. Mpaka akae, mpaka magoti yakubali, mpaka vidole vishike kijiko, adhana imekaribia, na wali uko kwenye sufuria haujaguswa. Basi mimi nikawa nampa vidonge haraka haraka kabla ya adhana, vya yule kijana na vya kwangu pamoja, na funda moja la maji, ili mchana upite bila maumivu. Vya yule sikuviacha, maana niliogopa vyangu vikiwa peke yake vitashindwa na nitaonekana.

Na mchana ulipita. Ulipita vizuri sana. Alichota maji, alikuna nazi, wanawake bombani wakasema Mama Zuhura amepona. Nikasema, "Ni dawa yangu." Nililisema hilo bombani, msikitini, na kwa watu waliokuja kujaza upepo tu.

Jioni ile unaijua kuliko mimi. Alikuwa anamenya muhogo wa futari. Akaweka kisu chini kwa adabu kama mtu anayetaka kusali, akainamia upande, akatapika kitu cheusi mfano wa machicha ya kahawa. Mimi nilisimama na mwiko. Wewe ndiye uliyekimbia kumtafuta bodaboda, wewe ndiye uliyemshika kwa nyuma njia nzima, na wewe ndiye uliyefika mbele ya daktari ukafungua pindo la kanga ukatoa pakiti zote mbili ukaziweka mezani.

Yule daktari mama, mwenye miwani ya kamba, alizitazama, akanitazama mimi.

"Baba, hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja," akasema. "Kumpa zote ni kumpa kitu kimoja mara mbili. Na alikula nini?"

Nikasema alikuwa amefunga.

Hakunigombeza, na ningeshukuru kama angenigombeza. Alieleza tu kwamba dawa hizi za kushusha uvimbe zinakwaruza tumbo, likiwa tupu zinalikwaruza zaidi, na la mama yako lilikuwa linavuja damu siku kadhaa tukiwa tunamsifu amepona. Akahitaji kuongezewa damu. Nikavua shati pale pale. Damu yangu haikulingana na yake. Hata hapo. Ikaingia damu ya mtu nisiyemjua mwilini mwa mke wangu, na mimi nikaishukuru huku nimenuna.

Alipopata nguvu, daktari akatukalisha akatuambia jina la ugonjwa, baridi yabisi, na akasema hauna uhusiano na kuoga asubuhi. Ni kwamba walinzi wa mwili, ambao kazi yao ni kupambana na vijidudu vya nje, wamewageukia wenye nyumba. Wanavishambulia viungo vyake mwenyewe wakidhani ni wageni.

Nikasema, "Yaani mwili wake una wivu."

Daktari akanitazama tena. Mama yako akasema kutoka kitandani, sauti haijamrudi vizuri, "Msamehe, daktari. Anamsema mtu anayemfahamu."

Hapo ndipo vidonge vilipopata utaratibu wake. Kuna kile cha wiki, cha kuwatuliza hao walinzi, ambacho kinanywewa mara moja tu kwa wiki na ole wake atakayekifanya cha kila siku. Kuna vya kumlinda na makali ya hicho. Kuna kile cha kushusha uvimbe, kikihitajika tu, juu ya chakula, na kabla yake kile cha kulinda tumbo. Kuna kwenda kupima damu hata kama anajisikia mzima. Daktari akauliza nani atasimamia, kwa sababu mama yako mwenyewe hawezi kuvifungua vile vichupa. Mimi nikafungua mdomo.

"Zuhura," mama yako akasema.

Nilijaribu mara moja tu, tuliporudi nyumbani. Nikamletea kidonge na kikombe cha maji, nimejikwatua kama mtu anayepeleka posa. Akafumba mdomo kama mtoto wa kliniki, halafu akaufumbua kidogo ili aseme. "Baba Zuhura, mimi nakupenda. Lakini kidonge kutoka mkononi mwako sinywi." Akacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikaja hapa kibandani nikalijaza upepo tairi la watu mpaka likapasuka.

Tangu siku hiyo, mwanangu, wivu wangu wote ulihama duka la dawa ukaja kwako.

Naliandika polepole neno hili kwa sababu baba hapaswi kumwonea wivu mtoto wake, na mimi nilikuonea miaka. Ulikuwa unarudi shule, unaweka daftari, unaingia chumbani, unavuta pazia. Mimi niko huku upande wa pili wa ukuta.

"Mama umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"We polisi?"

"Nakuuliza umekula nini. Na choo leo kilikuwa cheusi?"

"Zuhura, baba yako anasikia."

Kweli nilikuwa nasikia. Nilisikia kila jioni. Nilisikia kipi kabla ya uji na kipi baada yake. Nilisikia siku mlipobishana kama ni Alhamisi au Ijumaa. Nilisikia unavyompaka mafuta kichwani na kumsuka, kwa kuwa mikono yake haifiki kisogoni tena, na mkicheka mambo yenu. Nikiingia, mnanyamaza. Nilijua mmekuwa mkinisema mimi, na hilo halikuniuma. Liliniuma kwamba mmecheka na mimi sikuwepo.

Mara nyingine nilitafuta kosa lako. Nilihesabu vidonge ukiwa shule, nione kama umekosea. Hukukosea. Nilitaka ukosee kidogo tu, kosa dogo lisilomdhuru mtu, ili niitwe. Unaona mtu alivyokuwa karibu na ujinga ule ule wa kwanza. Kilichonizuia si wema. Nilimwona mama yako siku moja anajifunga kanga mwenyewe, fundo zima, vidole vyake vikiwa na nafasi ya kukunjika, na nikafahamu kwamba mkono wako ndio uliomfikisha pale. Nikavirudisha vidonge nilipovikuta, nikakaa kimya na wivu wangu, na nikawa nasikiliza ukuta kwa nia nyingine. Nikawa najifunza.

Sasa Mikumi. Ulipopata kazi ile hotelini, kwanza ulikataa. Mama yako akakwambia, "Nenda. Mikono hii ni yangu." Ukakubali, ila ukaweka sharti lako: utamtafuta mtu wa kumpa dawa, na mtu huyo akikosa hata siku moja, unarudi. Begi lako hukulijaza, nimeliona. Umeweka nguo mbili tatu za mtu anayekwenda msibani na kurudi.

Na ukamchagua Mama Kulwa.

Sina neno baya juu ya Mama Kulwa. Tangu walipokuja na ng'ombe wao kutoka kanda ya ziwa hajawahi kutuuzia maziwa yenye maji. Anapita asubuhi na jioni, ana akili, mikono yake imezoea kukamua kwa upole. Kila sababu uliyokuwa nayo ilikuwa nzuri. Lakini ulimkalisha kwenye benchi hili hili, mbele yangu, ukamfundisha kichupa baada ya kichupa, na mimi niko hapo chini nimeshika spana.

"Na baba je?" akakuuliza.

"Baba ana kazi nyingi," ukasema.

Mwanangu. Siku hiyo kibandani kulikuwa na baiskeli moja, na ilikuwa yangu.

Akanigeukia akasema, "Shemeji, hiyo nati mbona unaikaza tena, si uliikaza nikiwa napita asubuhi?" Nikamjibu kwamba nati za siku hizi si kama za zamani. Akacheka, akasema ng'ombe wake wamenizoea mimi kuliko mke wangu alivyonizoea. Mkacheka wote. Nilimwonea wivu mpaka kopo lake la maziwa. Jioni ile nilijikuta nawaza mtu ananunuaje ng'ombe.

Sasa nikwambie kilichotokea leo, maana hukuwepo.

Uliondoka alfajiri kwenda Kisanga ukijua Mama Kulwa atakuja, iwe kama jaribio. Hakuja. Alimtuma bodaboda aseme ng'ombe wake anazaa, ndama amekaa vibaya, hawezi kumwacha. Mimi nilipokea ujumbe nikauweka mdomoni kama peremende, naona haya kukwambia. Mama yako mikono ilikuwa imeamka vibaya leo, imeumuka kama maandazi. Nikasikia kichupa. Kifuniko kinazungushwa, kinateleza, kinazungushwa. Kikadondoka. Akakiokota, nikasikia pumzi yake wakati anainama. Kikazungushwa tena.

Yule mimi wa zamani angekuwa ameshaingia. Nilikaa. Nakwambia nilikaa hapa nimeweka mikono yote miwili juu ya magoti, kama napigwa picha ya kitambulisho, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kwa sababu nilijua nikiingia bila kuitwa nitakuwa nimekwenda kujiponya mimi.

Kichupa kikanyamaza.

"Baba Zuhura."

"Naam."

"Uko hapo?"

"Niko."

"Unafanya nini?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Kuitwa."

"Haya, nimeita."

Nikanawa. Sabuni ya unga, mchanga, sabuni tena. Nilipoingia alikuwa kwenye mkeka, vichupa vimemzunguka kama vifaranga. Akanionyesha kwa kidevu kichupa kimoja kidogo, akasema, "Nipe hicho."

"Hicho ni cha Ijumaa," nikasema. "Leo si Ijumaa."

"Basi hiki cha uvimbe."

"Umekula?"

"Sijala."

"Basi bado. Kwanza hiki cha tumbo, halafu nikupikie uji, halafu hicho."

Akanitazama sana. Alikuwa ananipima, nilijua, na alijua kuwa najua.

"Nani kakufundisha?"

"Ukuta," nikasema.

Cha tumbo nilimwekea kwenye kisahani, akakiokota mwenyewe kwa midomo. Uji niliupika mimi. Ulikuwa na mabonge. Alionja akauliza, "Huu ni uji au kokoto za reli?" lakini aliumaliza wote, na mara mbili niliona anatafuna. Kisha nikatoa kidonge. Akakunjua kiganja chake akipokee, kiganja hakikukunjika kukishika, kikateleza hadi kwenye mkeka. Nikakiokota nikakiweka pembeni, nikatoa kingine. Hapo nikasimama. Sikukipeleka mdomoni mwake. Nilikishika tu, hewani, nikasubiri aseme neno lake lile la siku ile.

"Mkono wako unanuka petroli," akasema.

Akafungua mdomo.

Alikunywa maji akiwa ananikazia macho, kama mteja anayemtazama fundi aliyewahi kumharibia. Nikarudisha vifuniko vyote, nikavikaza, nikakumbuka, nikavilegeza kidogo ili vifunguke. Akaliona hilo. Akasogea akanipa nafasi kwenye mkeka. Tukakaa. Baadaye sana akasema, "Yule mtoto nimemfanya vidole vyangu. Sasa anataka kwenda na vidole vinamwambia abaki." Akalia kidogo, si kwa maumivu ya mikono.

Kisha akajifuta akasema, "Usimwambie Zuhura."

"Kwa nini?"

"Ukimwambia Mama Kulwa hakuja, kesho hapandi gari. Ukimwambia umenipa wewe, ndiyo kabisa hapandi."

"Si atafurahi?"

"Afurahi? Huyu? Huyu ni wewe mtupu."

Ndiyo sababu ya barua hii. Mama yako ameniomba nikufiche, na mimi namvunjia ombi lake, maana neno moja la kuficha juu ya vidonge vyake, lile "hapana" langu kule dukani, lilitosha kutufikisha tulikofika. Habari za dawa zake katika nyumba hii zitasemwa wazi, hata zikituumbua. Mama Kulwa hakuja leo. Nilimpa mimi. Kwa mpangilio sahihi, na akiwa amekula.

Na sasa sikiliza moyo wako unavyofanya unaposoma hapo. Kama umefurahi tu, basi mama yako amekosea na mimi nimekuonea, nisamehe. Lakini wiki iliyopita nilikuona. Mama Kulwa alikuwa anampa dawa, wewe umekaa pembeni unasimamia. Ulikichukua kile kichupa mkononi mwake mara tatu, eti unamwonyesha. Alipomnywesha maji ya kikombe ukasema, "Mama hapendi hivyo." Mama alikuwa anapenda. Alikunywa yote. Ulipotoka nje ulikuja hapa kibandani ukakaa ukachezea pampu yangu, na nilikutazama usoni nikajiona mimi, nimevaa kanzu ya Ijumaa katikati ya wiki, nakwenda kununua plasta.

Umerithi kwangu. Ningependa ungerithi ucheshi.

Kule Mikumi utapiga simu jioni, utauliza mama amekula nini, na nyuma ya sauti yake utasikia watu wanacheka jambo ambalo hukulisikia mwanzo wake. Patakuuma hapa, chini ya mbavu. Usikate simu. Usianze kuuliza maswali ya kutafuta nani amekosea. Nilimtafutia kosa yule kijana wa duka la dawa nikalikosa, ikabidi nilifanye mimi. Uliza tu kama amekula, na akisema ndiyo, mwamini aliyempikia.

Na ile habari ya kurudi Mama Kulwa akikosa siku moja, iondoe. Atakosa tena. Ng'ombe watazaa. Akikosa nipo, na nikiwepo nitangoja niitwe.

Nakuomba jambo moja. Kesho kabla ya gari mama yako atakuwa ameamka, mikono imekakamaa, na wewe utakwenda kwenye vile vichupa bila hata kufikiri, kama ulivyofanya miaka yote. Usiende. Uji nitapika mimi, na mabonge yatakuwepo, yaache. Usiniambie anapenda maji ya vuguvugu, najua. Akifungua mdomo usitazame pembeni. Simama hapo mlangoni na begi lako utazame mpaka mwisho, anywe, ameze. Patakuuma. Paache paume, mwanangu, halafu ulijaze lile begi nguo za mtu anayekwenda kukaa, upande gari.

Baba yako